Tabibu wa Ada ya Mwezi: Kulipa au Kutolipa

Katika muda wa mwaka mmoja nimeulizwa swali moja na watu wasiojuana, wa umri mbalimbali na hali mbalimbali, hata nimeona ni heri nilijibu mara moja kwa kalamu kuliko kulijibu kila siku kwa ulimi. Muulizaji aghalabu ni mtoto, wa kiume au wa kike, aliye kazini Nairobi, au Doha, au Marekani, na mzazi wake yuko nyumbani Ndivisi, au Bokoli, au Misikhu, akiuguzwa presha au sukari au yote mawili; na katika kuhangaika kwake ametokea tabibu mmoja wa Bungoma au wa Kitale, mtu wa adabu na kauli nzuri, akamwambia: nilipe kiasi fulani kila mwezi, nami nitamwendea mama nyumbani mara mbili kwa mwezi, nitapokea simu yake saa yoyote, wala hatapanga foleni tena. Je, fedha hizo zina thamani yake?

Jawabu langu, kwa wasio na nafasi ya kusoma hadi mwisho, ni kwamba kwa wazee wachache thamani ipo, nayo ni kubwa kuliko ada. Kwa wengi haipo. Na kwa wote, bila kumtoa hata mmoja, ada hiyo haishiki mahali pa bima wala pa hospitali. Wenye nafasi na tuendelee.

Bidhaa inayouzwa ni ipi

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1996, katika mji wa Seattle huko Marekani, tabibu Howard Maron, aliyepata kuwa daktari wa timu ya mpira wa kikapu ya mji huo, alianzisha pamoja na mwenziwe kliniki iitwayo MD², ambayo wagonjwa wake wachache walitoa ada nzito ya mwaka ili wampate daktari wakati wautakao. Baadaye yalizuka makampuni yenye ada nafuu zaidi, mojawapo ni MDVIP, ambako daktari mmoja hapokei zaidi ya wagonjwa 600 hivi, ilhali daktari wa kawaida wa huko aweza kuwa na 2,000 na ushei katika daftari lake. Itazameni vizuri hesabu hiyo, kwa maana siri yote imo humo: mlipaji hapati dawa iliyo bora kuliko ya jirani yake, wala elimu kubwa zaidi, bali hupata nafasi katika siku ya mtu mwenye shughuli nyingi.

Kwetu sisi mapatano ya namna hii aghalabu huwa ya mdomo, baina ya familia na daktari, au afisa wa kliniki, au muuguzi aliyestaafu. Kwa ada ya mwezi familia hununua:

- ziara za nyumbani kwa siku zilizowekwa;
- ruhusa ya kumpigia simu nje ya saa za kazi;
- macho yale yale yakimtazama mgonjwa yule yule mwezi hata mwezi;
- mtu wa kuandika barua ya rufaa na kuwaarifu wenzake Bungoma au Eldoret kabla mgonjwa hajafika.

Kwa ada hiyo hiyo, isipokuwa imeandikwa vinginevyo, hamnunui dawa, wala vipimo vya maabara, wala kitanda, wala ambulensi, wala upasuaji.

Katika manne yale, la tatu ndilo lenye thamani kubwa, nalo ndilo watu hulisahau wanapopatana bei. Mama mwenye presha akionwa na daktari mpya kila mwezi, kila mmoja humbadilishia vidonge pasipo kujua kwa nini mwenziwe alimpa vile vya kwanza. Lakini akionwa na mmoja, huyo hukumbuka kwamba dawa fulani ilimvimbisha miguu mwaka jana, na kwamba nyingine aliiacha mwenyewe kwa sababu ilimwamsha usiku kwenda haja.

Hesabu kwanza ulivyo navyo

Nimewaona watu wakichota maji katika mto Nzoia kwa ndoo ilhali tangi la mvua limejaa uani. Kabla ya kutoa shilingi moja kwa tabibu wa faragha, hakikisheni kwamba haya yametimizwa:

- Mzazi ameandikishwa SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa jina lake mwenyewe. Mamlaka hii ilishika mahali pa NHIF, ile bima ya zamani ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, naye asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, wala hatozwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Uandikishaji hufanywa hata kwa simu, kwa *147#.
- Mnajua zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Matibabu ya kawaida katika ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi; kumpeleka mama moja kwa moja hospitali kubwa kwa ajili ya kikohozi ni kujitafutia foleni na gharama.
- Mnamjua mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Mwezi Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu hao, wapatao 100,000 katika nchi nzima, mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Huyo aliye jirani yenu aweza kuwa ndiye mtu mliyetaka kumlipa mwingine kufanya kazi yake.

Juu ya SHA kuna kosa moja ambalo sijachoka kulisahihisha. Mtoto anayekatwa mshahara Nairobi hudhani kwamba makato yake yanamfunika mama yake aliye Matulo. Hayamfuniki. Kadi ya mchangiaji ni yake mwenyewe, na mwenzi wake wa ndoa, na watoto wao. Mzazi ni nyumba nyingine, sharti aandikishwe peke yake na alipiwe mchango wake. Kwa wasio na mshahara mchango huo hutakiwa wa mwaka mzima kwa pamoja, na asiyeweza ana mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole. Nimekutana na familia iliyokuwa ikimlipa tabibu kila mwezi kwa uaminifu usio na mfano, na siku mzee alipolazwa ikabainika kwamba hakuna aliyewahi kumlipia mchango huu mdogo kuliko ada ya mwezi mmoja ya tabibu.

Nami nitaongeza jambo ambalo watu wa mji wetu wa Webuye hawajisifii vya kutosha. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufundisha udaktari wa familia mwaka 2005, yaani ule utabibu wa kumwangalia mtu mzima pamoja na nyumba yake na si kiungo kimoja tu, hospitali ya hapa Webuye ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo madaktari hao walifundishwa kazi. Kwa hiyo mkimtafuta tabibu wa kumjua mama kwa miaka mingi, ulizeni kwanza kama yuko wa fani hiyo karibu nanyi, na siku zake za kliniki ni zipi. Pengine mtampata bila ada ya mwezi, kwa kujua tu aende Jumanne badala ya Jumatatu.

Anayehitaji na asiyehitaji

Kwa maoni yangu, fedha haipotei ikitumiwa kwa hawa:

- mzee aliyepooza, au asiyeweza kabisa kupanda bodaboda wala matatu, ambaye kumfikisha mjini ni kukodi gari na kumbeba mikononi;
- mwenye maradhi matatu kwa pamoja, tuseme moyo, sukari na figo, ambaye dawa ya moja yaweza kudhuru jingine;
- aliyetoka kulazwa, kwa miezi miwili au mitatu ya kwanza, si zaidi;
- mgonjwa ambaye tiba imefika ukingoni, na jamaa zake wameazimia auguzwe kitandani pake.

Huyu wa mwisho ningemtanguliza mbele ya wote. Mtu anayeondoka duniani hana haja ya safari za Eldoret. Haja yake ni maumivu yatulizwe, vidonda vya kitandani vioshwe, na awepo mtu mwenye elimu wa kuwaambia watoto wake kwa upole kwamba kupumua kwa namna ile si kuteseka. Tabibu anayeijua kazi hiyo, na akaja kila anapoitwa, hata mkimlipa maradufu hamjamlipa.

Wasiohitaji ni wengi zaidi. Mzee mwenye presha peke yake, itulizwayo kwa kidonge kimoja, aendaye kwa miguu yake sokoni na kurudi na mzigo, hahitaji tabibu wa ada. Mama mjamzito ahitaji kliniki ya wajawazito na mahali salama pa kujifungulia, si mgeni wa sebuleni. Kijana mzima wa afya hahitaji chochote katika haya. Tena kuna mmoja ambaye sitamficha: mtoto aliye mbali ambaye hajafika nyumbani kwa miaka minne, na ambaye ada hii kwake ni kafara ya dhamiri. Simhukumu, ila namwomba ajue anachonunua, kwa sababu mama yake, akiulizwa, angependa fedha hiyo iwe nauli ya kumleta yeye.

Hesabu ya fedha, kwa mfano

Bei hutofautiana kwa tabibu na kwa umbali, nami sitawatangazia bei ya mtu. Chukueni tarakimu hizi kama za ubao wa darasani, kisha mtie zenu mahali pake.

Tuseme tabibu ametaka shilingi 8,000 kwa mwezi kwa ziara mbili. Hiyo ni 96,000 kwa mwaka, bila dawa wala vipimo. Sasa tuipange kazi ile ile kwa namna nyingine:

- muuguzi mwenye leseni, kila wiki mbili, kwa shilingi 1,000: ziara 26, yaani 26,000;
- daktari mwenyewe, mara moja kila miezi mitatu, kwa shilingi 4,000: yaani 16,000;
- mchango wa chini wa SHA kwa mwaka: 3,600.

Jumla ni 45,600, chini ya nusu ya ile ya kwanza, na bima imo ndani. Ziara 26 za muuguzi zinazidi ziara 24 za tabibu, na kazi ifanywayo katika ziara nyingi ni ile ile: kupima presha, kupima sukari, kutazama miguu, kuhesabu vidonge vilivyobaki. Hapana haja ya shahada ya udaktari kuhesabu vidonge.

Upande wa pili wa mizani muuweke pia kwa insafu. Mkimpeleka mzee hospitali kila mwezi, andikeni nauli yake, nauli ya msindikizaji, siku ya kazi iliyopotea, na chakula cha njiani. Mkaaji wa pembeni mwa barabara ya Malaba, au ile ya Kitale, ataona gharama hizo ni ndogo. Mkaaji wa ndani, ambako mvua ikinyesha udongo hushika magurudumu na bodaboda hudai mara mbili, ataona tofauti kati ya kumpeleka mzee hospitali na kumwita tabibu nyumbani ni ndogo kuliko alivyodhani.

Hatua za kufuata kabla ya kulipa

1. Muulizeni mgonjwa. Mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa. Mama mwingine hufurahi kutembelewa; mwingine hupenda ile safari ya kliniki kwa kuwa ndiko anakoonana na wenziwe, nanyi mtakuwa mmemnunulia upweke.
2. Hakikisheni leseni. Daktari huandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, liitwalo KMPDC. Afisa wa kliniki ana baraza lake, na muuguzi vilevile. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti kizee kilichotiwa kioo ukutani hakitoshi. Tabibu wa kweli hakasiriki kuombwa namba yake ya usajili.
3. Ulizeni ajira yake. Akiwa ni mtumishi wa kaunti, ataziacha wodi saa ngapi ili aje kwenu? Akijibu kwamba hilo si tatizo, basi ni tatizo.
4. Lipeni ziara moja tu, ya majaribio. Mmoja wenu awepo nyumbani siku hiyo. Angalieni kama alimsikiliza mgonjwa au alizungumza na mwenye pesa.
5. Andikeni mapatano, ukurasa mmoja watosha: idadi ya ziara, saa za kupokea simu, naibu wake ni nani akisafiri, nini kimo katika ada na nini hakimo, na muda wa kutoa notisi.
6. Nunueni daftari gumu la kurasa 96, likae nyumbani kwa mgonjwa. Kila ziara iandikwe humo: tarehe, presha, sukari, uzito, dawa na kipimo chake, na sababu ya kila badiliko. Daftari ni mali ya mgonjwa. Tabibu mwingine akimpokea usiku wa manane, daftari hilo litamfaa kuliko maelezo ya jamaa kumi wanaolia.
7. Lipeni mwisho wa mwezi, baada ya kazi, kwa namba ya biashara yenye risiti. Punguzo la kulipa mwaka mzima mbele ni chambo.

Hatua ya sita watu huidharau, nami ningalipewa nafasi ya kuwalazimisha kufuata moja tu ningaliichagua hiyo.

Kosa lililotugharimu sisi

Baba yangu mdogo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi hapa Webuye hadi kilipofungwa mwaka 2009. Sisi watoto tulimwekea tabibu wa ada, ambaye sitamtaja jina wala mji wake, na kwa miezi tisa mambo yalikwenda vizuri mno. Asubuhi moja, yapata saa moja, mzee akashindwa kushika kikombe, mdomo ukaenda upande, na maneno yakamtoka yamekatika. Tukampigia tabibu. Alikuwa arusini mbali, akasema anakuja. Tukangoja, kwa kuwa tulikuwa tumemlipa, na ada ilikuwa imetufundisha kwamba jambo la kwanza ni simu. Alifika saa tisa alasiri.

Mzee aliishi, lakini mkono ule haushiki kitu mpaka leo. Simlaumu sana tabibu. Mimi ndiye niliyesema tumngoje. Sikujua kwamba kwa kiharusi cha damu kuganda ubongoni iko dawa ya kuiyeyusha, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza, tena baada ya picha ya kichwa ambayo hakuna tabibu awezaye kuipiga sebuleni. Huenda tusingaliwahi hata hivyo. Barabara ni barabara. Lakini tulizitupa saa nane kwa hiari yetu.

Kwa hiyo andikeni kwa herufi kubwa, mbandike karibu na mlango: kwa dalili hizi mgonjwa apelekwe hospitali kwanza, na tabibu apigiwe simu mkiwa njiani.

- mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukatika;
- maumivu ya kifua yanayokaza, pamoja na jasho au kukosa pumzi;
- mwenye sukari kuzimia, au kutoamka vizuri, au kusema ovyo;
- damu nyingi kutoka popote;
- degedege.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Msirudi nyuma langoni kwa kukosa amana. Jueni mapema gari litakalomchukua, nani mwenye ufunguo, na nani atakayelala na mgonjwa. Wenye uwezo na waulizie uanachama wa mwaka wa Madaktari wa Ndege wa AMREF, shirika ambalo asili yake ni mwaka 1957, nao husafirisha wagonjwa wa dharura. Huo ni msaada wa usafiri, haulipi kitanda.

Makosa mengine nitayapitia upesi:

- Kuiacha SHA kwa kuwa «tuna daktari». Siku tatu za kulazwa zaweza kumeza ada ya mwaka.
- Kudhani ada ni bima. Tabibu akiahidi kwamba kwa ada hiyo atalipa na gharama za kulazwa, anauza bima, na biashara hiyo yataka leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Iulizeni.
- Kununua dawa zote kutoka mkobani mwake. Atoe cheti, nanyi mnunue mtakako. Atoaye cheti na auzaye dawa wakiwa mtu mmoja, vidonge huongezeka.
- Kushangilia dripu. Wazee wetu hupenda sindano na dripu, huona tembe ni mzaha. Tabibu anayewapendeza kwa dripu ya vitamini kila ziara, au kwa antibayotiki kwa kila mafua, amejifunza kuwapendeza, hakujifunza kuwatibu.
- Kumfanya tabibu kuwa mpelelezi. Mlipaji si mwenye siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Mama aulizwe ni nani kati ya watoto wake apewe majibu, na jibu lake liandikwe.

Najua mtakaloniambia

*«Hospitali ya serikali haina dawa, na madaktari hugoma.»* Ni kweli hugoma. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa 2024 siku 56, na katika siku hizo mwenye tabibu wake alilala usingizi mwema kuliko jirani yake. Lakini hospitali za misheni zipo karibu nasi, mojawapo ile ya Marafiki ya Lugulu, na akiba ya dawa za miezi miwili iliyonunuliwa mapema hupita mgomo bila ada ya tabibu yeyote. Mgomo ni sababu ya kuweka akiba ya dawa. Ni sababu dhaifu ya mkataba wa mwaka.

*«Mama hataki kabisa kwenda hospitali.»* Muulizeni kwa nini. Nimesikia sababu za aina nyingi, na ile iliyonishangaza zaidi ni ya bibi mmoja wa Sitikho aliyekataa kliniki miaka miwili kwa sababu choo cha huko kilikuwa cha kuchuchumaa na magoti yake hayakukubali. Tatizo la choo halitibiwi kwa shilingi 8,000 kila mwezi.

*«Fedha ni yangu, jasho langu.»* Nakubali, wala sina haki ya kuihesabu mfukoni mwako. Ila kumbuka ile hesabu ya 600 na 2,000. Huko Marekani, wagonjwa wanaoachwa daktari akipunguza daftari lake huenda wakapata wengine mtaa wa pili. Huku kwetu, saa moja ya daktari ikinunuliwa na nyumba moja hutolewa katika foleni fulani, na foleni hiyo ina watu tunaowajua kwa majina. Ndiyo maana nahimiza ziara nyingi ziwe za muuguzi, na daktari aje pale tu elimu yake inapotakiwa.

Njia ya tatu: chama

Vyama vya akina mama vya kuweka akiba havikosekani kwetu, na sioni kwa nini visikusanye, pamoja na fedha ya mzunguko, fedha ya muuguzi. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya Eldoret na vyuo vya ng'ambo, umejaribu katika magharibi ya Kenya kuwatibu wenye presha na sukari wakiwa katika vikundi, na kuunganisha matibabu hayo na kuweka akiba. Wanachama kumi na wawili wakichanga shilingi 200 kila mmoja kwa mwezi, hupatikana 2,400. Kwa kiasi kama hicho muuguzi aweza kukubali kuja nusu siku kwenye mkutano, akawapima wote na kuandika katika madaftari yao. Masharti ni mawili: fedha ya muuguzi isikopeshwe, na presha ya mtu isisomwe kwa sauti mbele ya wenziwe.

Kupima kazi yake, na siku ya kuachana

Baada ya miezi sita fungueni daftari. Kwa mgonjwa wa sukari, tabibu anayestahili ada yake atakuwa ameagiza kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi mitatu, ameagiza kipimo cha figo, amemvua viatu na kutazama nyayo, na amemwelekeza kwa daktari wa macho hata kama mzee hajalalamika kwamba haoni. Kwa mwenye presha, tarakimu zitakuwa zinashuka au zimetulia, na kila dawa iliyobadilishwa itakuwa na sababu. Mkikuta kurasa zenye «anaendelea vizuri» na sahihi tu, mnalipia salamu.

Mkiamua kuachana, toeni notisi ya mwezi kama mlivyoandikiana, mlipe salio lote bila kusubiri kudaiwa, na mwombe barua ya muhtasari kwa tabibu ajaye, ambayo huyu wa sasa hana haki ya kuizuia. Msimtangaze sokoni, mji huu ni mdogo, nanyi mwaweza kumkuta yeye ndiye mwenye zamu usiku mtakaompeleka mama hospitali. Dawa ziendelee kama zilivyo hadi atakapoonwa na mwingine, kwa maana dawa za presha zikikatizwa kwa ghafla huleta balaa. Na mashine ya presha, ikiwa ni ya tabibu, arudishiwe siku hiyo hiyo. Ikiwa ni ya mama, ibaki juu ya meza pamoja na daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, ili wajukuu wasiende nayo shuleni.